Lisemwalo Lipo: Lugha ya Pepo na Ushahidi wa Kamera katika Filamu ya The Last Exorcism

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li nyuma laja. Methali hii aghalabu hutumiwa kuthibitisha uvumi, lakini ina maana nyingine iliyo nzito zaidi: neno likishatamkwa mbele ya watu halirudi kinywani. Ama linaeleza jambo lililokwisha kuwapo, ama linaliita jambo hilo lije. Ni vigumu kupata muhtasari mfupi zaidi wa filamu ya The Last Exorcism, iliyoongozwa na Daniel Stamm, ikaandikwa na Huck Botko na Andrew Gurland, na kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Agosti 2010. Katika filamu hiyo, mhubiri asiyeamini kuwapo kwa pepo anamtaja pepo kwa jina mbele ya msichana mgonjwa, ili apate ujira wake na kwenda zake. Kabla filamu haijakwisha, jina hilo limepata wa kuliitikia.

Yumkini msomaji atauliza mtaalamu wa Kiswahili ana haja gani na filamu ya kutisha iliyopigwa Louisiana. Haja ni mbili. Kwanza, filamu hii kwa hakika ni mjadala juu ya lugha: nani anasema ndani ya mwili wa mgonjwa, nani ana haki ya kumsemea, na usemi gani unahesabiwa kuwa ushahidi. Pili, Kiswahili ni lugha yenye msamiati mpana sana wa pepo, na mtu anayejaribu kuisimulia filamu hii kwa Kiswahili hulazimika kufanya uamuzi ambao filamu yenyewe inaukwepa kwa zaidi ya saa nzima. Mhadhara huu unahoji kwamba uamuzi huo si wa tafsiri tu. Kila kitenzi kinachochaguliwa kumweleza msichana huyo ni hukumu, na hukumu ya namna hiyo, nje ya sinema, imewahi kugharimu maisha ya watu.

Mhubiri na Kamera

Mhusika mkuu ni Cotton Marcus, mhubiri wa Baton Rouge, ambaye amekulia madhabahuni kwa kuwa baba yake naye ni mhubiri. Ni mtu mcheshi, mwenye ulimi mtamu, anayejua kuuchezea umati. Ili kuonyesha kwamba waumini husikiliza mdundo wa sauti kuliko maana ya maneno, anachopeka katika mahubiri maelezo ya kupika mkate wa ndizi, nao waumini wanaitikia kwa shangwe bila kushtuka. Imani yake ilianza kutikisika baada ya kuzaliwa mwanawe aliyekuwa mgonjwa. Baadaye akasoma habari za mtoto aliyefia mikononi mwa watu waliokuwa wakimtoa pepo. Hapo akaazimia kuifichua kazi yake mwenyewe, na ndiyo sababu ameikaribisha kamera. Mtayarishaji Iris na mpiga picha Daniel watafuatana naye katika utoaji pepo wake wa mwisho, waoneshe ulimwengu kwamba ni udanganyifu.

Bahasha anayoichagua imetoka kwa Louis Sweetzer, mkulima mjane, mcha Mungu na mlevi, anayelalamika kwamba mifugo yake inachinjwa usiku na kwamba mtendaji ni binti yake Nell, aliyeingiwa na shetani. Cotton anafika shambani, anafanya kazi yake, kisha anaionyesha kamera siri zake: msalaba unaotoa moshi, vipaza sauti vilivyofichwa vinavyonguruma, na nyaya za kutikisa kitanda. Analipwa. Kwa mujibu wa mpango wake, filamu ingekomea hapo.

Fani ya filamu hii ni ile inayoweza kuitwa, kwa kukosa istilahi iliyozoeleka, mkanda uliookotwa. Mtazamaji anaombwa aamini kwamba anachokiona ni picha halisi zilizopigwa na wahusika wenyewe, zikabaki baada yao. Mbinu hii ina ukoo wa zamani katika fasihi andishi, pale mtunzi anapojifanya mhariri tu wa barua au hati aliyoikuta sandukuni. Katika sinema, mifano inayotajwa sana ni Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato (1980), The Blair Witch Project (1999), REC ya Uhispania (2007) na Paranormal Activity ya Oren Peli, iliyosambazwa kwa wingi mwaka 2009. Mbinu hiyo ina faida ya kiuchumi isiyofichika. The Last Exorcism iligharimu takriban dola milioni 1.8 na kuingiza zaidi ya dola milioni 60. Lakini faida ya kisanaa ni kubwa vilevile: kamera ikishakuwa mhusika, nayo inaweza kudanganywa, kuogopa na kufa.

Vitenzi vya Pepo

Sasa na ajitokeze mtu wa kuieleza hali ya Nell kwa Kiswahili. Atasema nini? Vitenzi vilivyo mbele yake ni vingi, na hakuna hata kimoja kisicho na upande.

Akisema Nell amepagawa, ametumia kitenzi kinachohusishwa na pagaa, yaani kuchukua mzigo, ambacho ndicho kilichozaa neno mpagazi. Kauli ni ya kutendwa: binti hana analolifanya, bali analofanyiwa. Akisema amepandwa na pepo, au pepo amempanda kichwani, taswira ni ya kipando na mpandaji. Akisema amepandisha, mambo yanageuka, kwa sababu hapo kiima ni binti mwenyewe, na hali yake inasemwa kana kwamba ni tendo lake, lenye mwanzo na mwisho, ambalo wenyeji wanalifahamu na wanajua la kufanya. Akisema ana pepo, ameieleza hali kama sifa ya kudumu, sawa na kusema ana homa. Na akisema anajifanya, ameshatoa hukumu na kufunga jalada.

Tofauti hizi huonekana wazi zaidi katika vitenzi vya tiba. Lugha ya kanisa, iliyojengwa na tafsiri za Biblia, ina kutoa pepo na kukemea pepo. Katika mikutano ya uamsho wingi wake umekuwa mapepo, kwa kiambishi cha ngeli inayobeba mashetani na majini. Pepo hapa ni adui aliyevamia; hana haki, na mazungumzo naye ni ya amri. Lugha ya ngoma za pwani ina kupunga. Kitenzi hiki ndicho kile kile cha kupunga mkono na kupunga hewa, nalo pepo lina udugu wa wazi na upepo. Anayepungwa hafukuziwi adui, anashughulikiwa mgeni. Mgonjwa huitwa kiti, na kiti hukaliwa. Watafiti wa ngoma hizo, miongoni mwao Linda Giles katika makala yake ya mwaka 1987 na Kjersti Larsen katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Zanzibar, wameeleza jinsi pepo wanavyokuwa na makabila, lugha na desturi zao. Kibuki, kwa mfano, ni pepo anayenasibishwa na Bukini, na hutarajiwa aseme na kutenda kama mtu wa huko. Fundi humuuliza pepo maswali ya adabu: yeye ni nani, ametoka wapi, anataka nini. Kisha hutafutwa mapatano.

Haifai kuipamba desturi hiyo kupita kiasi. Ngoma hugharimu fedha nyingi, imewahi kuwachelewesha wagonjwa kufika hospitali, na masheikh kwa mapadri wamekuwa wakiipinga kwa hoja zao. Jambo linalohusu mhadhara huu ni finyu zaidi: katika kupunga, tiba haiwezi kuanza mpaka mgonjwa, au aliye ndani yake, aulizwe anataka nini na apewe nafasi ya kujibu.

Jina, Ulimi na Viatu

Ukiitazama The Last Exorcism kwa jicho hilo, jambo moja linajitokeza mapema. Nell haulizwi. Baba yake amekwisha jua kwamba ni shetani. Mhubiri amekwisha jua kwamba ni akili ya mtoto aliyefiwa na mama na kufungiwa shambani. Hospitali inamrudisha ikimwona hana ugonjwa wa mwili, kisha habari inakuja kwamba ana mimba, na papo hapo mhubiri anamshuku baba. Hata jina la pepo halitoki kinywani mwa binti. Cotton ndiye anayetangaza kwamba aliyemwingia ni Abalam, jina alilolichota katika maarifa yake ya mashetani kama muuza dawa achukuavyo chupa rafuni. Fundi wa pwani angesubiri aambiwe jina, Cotton analigawa. Tangu hapo msichana ana jina la kulitumia, na mtazamaji hawezi tena kupambanua kama anayeliitikia ni shetani wa kale au ni binti aliyesikia vizuri.

Kuna kisa kidogo kinachokwenda kinyume na haya yote. Nell anavitamani viatu vya Iris, viatu vya ngozi vya mjini, naye Iris anavivua na kumpa. Furaha ya binti ni ya kitoto na ya kweli. Kwa mtu aliyezoea ngoma za pepo, tukio hilo linasomeka mara moja: mgonjwa ametamani kitu, amepewa, ametulia. Lakini hakuna katika chumba kile anayelisoma hivyo, na filamu inalipita haraka.

Tukio la pili linahusu ulimi. Katika utoaji pepo unaofanyika zizini, sauti inayotoka kwa Nell inampa Cotton sharti: akiweza kunyamaza kwa muda uliowekwa, binti ataachiliwa. Kisha vidole vya binti vinaanza kuvunjwa kimoja kimoja na mkono wake mwenyewe, naye Cotton anashindwa kunyamaza. Hapa filamu imefika karibu kabisa na mapatano ya kupunga na kuyapindua. Pepo wa ngoma hudai nguo, pete au chakula. Huyu anadai kimya, na mhubiri, mtu aliyeishi kwa ulimi, hana uwezo wa kulipa deni la namna hiyo.

Muda si mrefu sauti ile inamtolea Cotton maneno ya aibu, na katika kuyatoa inakosea usemi mmoja wa mitaani. Cotton anatulia. Shetani wa kale, anajiambia, asingekosea usemi unaojulikana na kila kijana. Aliyekosea ni binti wa shamba aliyeusikia kwa mbali. Kwa kosa hilo la kimsamiati anahitimisha kwamba hakuna pepo. Anamhoji Nell kwa upole, naye anakiri kwamba amelala na kijana wa mkahawani na ameshindwa kuibeba aibu hiyo. Kila kitu kinaelekea kufafanuka. Ni mara chache sinema imemfanya mhusika wake kuwa mwanaisimu kwa kiasi hiki: ushahidi wake wote ni kosa moja la usemi, na juu ya ushahidi huo anaiacha familia na kuondoka.

Njiani wanamkuta yule kijana. Anashangaa. Aliwahi kuzungumza na Nell kwa dakika chache tu, na anaeleza kwamba yeye si mtu wa kuvutiwa na wanawake. Kumbe hata ungamo lilikuwa jibu alilopewa muulizaji kwa sababu alilitaka.

Ushahidi na Ushuhuda

Kiswahili kimechukua kutoka shina moja la Kiarabu maneno matatu yanayoifaa filamu hii. Ushahidi ni wa mahakamani: huletwa, hupimwa, na huweza kukataliwa. Ushuhuda, hasa katika matumizi ya makanisani, ni wa moyoni: hutolewa, na hadhira huupokea kwa kuitikia. Na shahidi ni mtu aliyeona, lakini pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya alichokiamini.

Kamera ya Daniel inaingia shambani ikitafuta ushahidi. Kwa nusu ya kwanza inafanya kazi hiyo barabara, ikifichua nyaya na vipaza sauti. Kisha usiku mmoja Nell anaichukua, anakwenda nayo kwenye banda, na anamuua paka kwa kumponda na kamera yenyewe. Mtazamaji anaona tukio kwa jicho la silaha. Tangu hapo kamera haiwezi tena kusema kwamba ilikuwapo kutazama tu.

Wanaporudi shambani wanaikuta nyumba tupu, kuta zimechorwa alama. Msituni, mchungaji wa kijiji anaongoza ibada mbele ya moto, Louis amefungwa, na Nell anajifungua kiumbe kisicho na sura ya mtu, kinachotupwa motoni. Cotton anashika msalaba, ule ule aliokuwa akiudhihaki, na kuuendea moto. Iris na Daniel wanakimbia na kuuawa, kama michoro ya Nell ilivyokwisha kuonyesha. Kamera inaanguka. Mpiga picha amekuwa shahidi kwa maana zote mbili za neno, na mkanda uliokusudiwa kuwa ushahidi umegeuka ushuhuda.

Wahakiki wengi wameulaumu mwisho huu kwa kuumaliza utata uliojengwa kwa ustadi. Lawama hiyo ina uzito. Kwa zaidi ya saa nzima filamu inaheshimu uwezekano kwamba Nell ni binti aliyeumizwa tu. Dakika za mwisho zinampa baba ushindi asioustahili, kwamba shetani alikuwapo kweli. Hata hivyo mkanda wenyewe una ufa. Una muziki, uliotungwa na Nathan Barr, na umehaririwa kwa mpangilio mzuri. Ikiwa wote waliokuwa nyuma ya kamera walikufa msituni, ni nani aliyeuokota, akaukata, akauwekea ngoma za kutisha? Swali hili mara nyingi huchukuliwa kuwa dosari ya kiufundi. Linaweza vilevile kusomwa kama onyo kwamba hata mkanda ulioonekana kutokuwa na msimulizi ulikuwa na msimulizi, naye alijificha.

Msimulizi na Kiambishi

Katika Afrika Mashariki msimulizi wa filamu hakujificha. Matthias Krings, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ameeleza kazi ya watafsiri wa filamu wa Tanzania, mashuhuri miongoni mwao akiwa Lufufu wa Dar es Salaam, waliozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Wasimulizi hao hawakufasiri mazungumzo peke yake. Walieleza, walifupisha, walitania, na waliwaambia watazamaji jambo fulani lina maana gani kwa mtu wa hapa.

Filamu ya mkanda uliookotwa ni mtihani mgumu kwa sanaa hiyo, maana nguvu yake inatokana na kutokuwapo mtu wa kueleza. Msimulizi akisema mapema kwamba binti amepagawa, amemuunga mkono baba na kumfanya Cotton mpumbavu tangu mwanzo. Akisema amechanganyikiwa, mwisho utakuwa kama umetoka filamu nyingine.

Lakini lugha iliyomtega kwa vitenzi inamwokoa kwa kiambishi. Kiingereza, lugha ya filamu hii, hulazimisha kiwakilishi kichague: aliyesema zizini ni mwanamke, ni mwanamume, au ni kitu? Kiambishi a- cha Kiswahili hakiulizi. Anasema. Anaumia. Anataka kuachiliwa. Katika sentensi hizi Nell na Abalam wanakaa pamoja bila kutenganishwa, kwa kuwa pepo, ajapokuwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai sawasawa na mtu. Msimulizi mwangalifu anaweza kuipitia filamu yote kwa kiambishi hicho, akiuacha utata mahali pake, na hadhira ikabaki kumsikiliza anayesema kabla ya kuamua ni nani.

Hitimisho

Huenda ikadhaniwa kwamba hayo ni mambo madogo ya sarufi. Mwaka 1976, huko Ujerumani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alifariki kwa kudhoofika na kukosa lishe baada ya miezi mingi ya ibada za kumtoa pepo. Sauti yake ilirekodiwa katika kanda nyingi, ambazo zipo hadi leo. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake pamoja na mapadri wawili kwa kifo cha uzembe. Kanda zile zilikuwa mkanda uliookotwa wa kweli. Waliomzunguka walisikia humo mashetani. Mahakama ilisikia humo mgonjwa. Wote walikuwa wakisikiliza sauti ile ile.

The Last Exorcism ilipata mwendelezo mwaka 2013, ulioongozwa na Ed Gass-Donnelly, nao uliiacha mbinu ya mkanda uliookotwa. Nell alirudi kama mhusika wa filamu ya kawaida, na swali la nani anashika kamera likafungwa. Swali la nani anasema halifungwi kwa urahisi hivyo. Mwanafunzi wa Kiswahili atakutana nalo katika tafsiri, katika kamusi, katika chumba cha daktari ambako mama anatafuta neno la kuieleza hali ya mwanawe, na katika ukumbi wa mahakama ambako mkalimani ana nukta chache tu za kuchagua kati ya amepagawa, amepandisha na anaumwa. Cotton Marcus alilitamka jina la Abalam bila kuliamini, akachukua malipo yake, akaingia garini. Msichana alibaki nalo ndani ya nyumba.